Kutoka Ukutani Hadi Ndani ya Bahasha

Tarehe 15 Septemba 2019, katika jimbo la Maine, kwenye pwani ya kaskazini-mashariki ya Marekani, mwanahistoria Heather Cox Richardson aliumwa na nyigu. Mwili wake haupatani na sumu ya wadudu hao. Akaona si busara kushika safari aliyokuwa ameikusudia. Akabaki nyumbani, na katika kungoja aone hali itakuwaje, akafungua ukurasa wake wa Facebook na kuanza kuandika.

Aliandika juu ya jambo ambalo wengi walikuwa wamelipita mbio. Siku mbili kabla ya hapo Adam Schiff, mwenyekiti wa Kamati ya Ujasusi ya Baraza la Wawakilishi, alikuwa amemwandikia kaimu mkuu wa idara za ujasusi akidai akabidhiwe malalamiko ya mtoa taarifa ambaye jina lake halikutajwa. Richardson, ambaye kazi yake ni kufundisha historia katika Boston College, hakupiga kelele. Alieleza hatua kwa hatua, kama mwalimu aliye mbele ya darasa la jioni: sheria inasema nini, nani amekataa kutoa nini, na kwa nini raia wa kawaida ajali. Miezi mitatu baadaye, tarehe 18 Desemba, Baraza lilipiga kura ya kumshtaki Rais Donald Trump, na mzizi wa mashtaka yenyewe ulikuwa malalamiko yaleyale.

Maswali yakamiminika chini ya andiko lake. Akayajibu kwa andiko la pili, la pili likazaa la tatu, na haikupita muda akawa anaandika karibu kila usiku. Maandishi hayo yakaanza kutumwa pia kwa barua pepe, kupitia kampuni ya Substack iliyoanzishwa mwaka 2017, yakapewa jina la Letters from an American: barua kutoka kwa Mmarekani. Ilipofika Desemba 2020, gazeti la The New York Times lilimweleza kuwa ndiye mwandishi binafsi aliyefanikiwa kuliko wote kwenye Substack.

Mafanikio hayo si jambo la kustaajabisha sana. La kustaajabisha ni kwamba maandishi yale yalihama nyumba bila kubadili nguo. Kilichosomwa Facebook ndicho kilichofika kwenye kikasha cha barua pepe, na kilipofika kilionekana kimezaliwa humo. Wengine wengi wanajaribu jambo hilohilo siku hizi. Wanakusanya machapisho yao ya mwezi mzima, wanayaunganisha, wanayaita jarida, wanayatuma, nayo yanafika yamekauka kama samaki aliyeachwa juani bila chumvi. Mwandishi yuleyule, maneno yaleyale, wasomaji waliokuwa wakimshangilia juzi. Leo hakuna anayefungua.

Kuna sababu za kiufundi, na hazipaswi kudharauliwa. Kwenye mtandao ambao watu wengi bado wanauita Twitter, ingawa tangu Julai 2023 jina lake ni X, mwandishi wa Kiswahili mwenye jambo refu huandika uzi. Ni neno zuri, na watumiaji wenyewe ndio waliolikubali. Lakini uzi huo umefumwa kwa vipande, na kila kipande cha kawaida kina mwisho wake: herufi 280 tangu Novemba 2017, na kabla ya hapo 140 tu. Kipande chochote kinaweza kuchukuliwa na kusambazwa peke yake, bila ndugu zake, kwa hiyo mwandishi hujizoeza kukifunga kila kimoja kwa pigo. Mtandaoni pigo hilo ni raha. Ukivipanga vipande kumi katika ukurasa mmoja wa barua, msomaji anasikia milango kumi ikibamizwa mfululizo.

Halafu kuna maneno madogo yanayoning'inia. Mmeona ya jana? Huyu naye. Lile jibu la mheshimiwa limewafikia? Siku lilipoandikwa, kila mtu alijua jana ni ipi na mheshimiwa ni nani, maana picha na video zilikuwa zimezagaa pande zote na chapisho lilikuwa sauti moja tu katika kelele ya soko zima. Barua haina soko la kuegemea. Inafunguliwa asubuhi ndani ya daladala, au usiku baada ya watoto kulala, na msomaji hana kingine mbele yake ila yale maneno.

Ndiyo maana jambo dogo katika barua za Richardson lina uzito mkubwa. Hazina vichwa vya kuvuta macho. Kichwa cha kila barua ni tarehe, basi. Mitandao ya kijamii huhesabu wakati kwa umbali: dakika 5 zilizopita, saa 3 zilizopita. Barua huusimamisha wakati mahali pake, ili hata anayeisoma baada ya miaka sita ajue aliyeiandika alikuwa amesimama wapi na bado hakuwa amejua nini.

Wazungumzaji wa Kiswahili wanalifahamu hili kwa njia yao. Kabla simu hazijajaa mifukoni, mtoto wa shule alifundishwa namna ya kuandika barua ya kirafiki: anwani juu upande wa kulia, tarehe chini yake, kisha salamu. Na salamu zilikuwa na maneno ambayo vizazi vizima vimeyaandika kwa mkono: mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Wapo waliochoka nayo wakasema ni mazoea matupu. Lakini yatazame tena. Kabla mwandishi hajasema lililomfanya ashike kalamu, amekwisha kukiri kwamba upande wa pili kuna mtu, kwamba mtu huyo ana hali yake, na kwamba hali hiyo inamhusu. Chapisho la mtandaoni halina haja ya kukiri hivyo. Linabandikwa ukutani, na ukuta hauulizwi hali.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Programu ya kutumia ni jambo la baadaye. Andiko la kwanza la Richardson lilibandikwa ukutani, lakini aliliandika kama mtu anayemjibu mtu, na maswali ya wasomaji yalipokuja aliyachukua kama barua zinazongoja majibu. Barua pepe ilipoingia, haikuwa na la kufanya ila kupeleka kilichokuwa barua tayari.

Fasihi ya Afrika ina mifano ya safari hii ikienda kinyume, na yote inaelekeza mahali pamoja. Chimamanda Ngozi Adichie, mwandishi wa Nigeria, aliombwa na rafiki yake ushauri wa kumlea binti yake mchanga katika misingi ya usawa wa wanawake. Akamjibu kwa barua. Oktoba 2016 aliiweka barua hiyo kwenye ukurasa wake wa Facebook, na mwaka 2017 ikatoka kama kitabu, Dear Ijeawele. Kwa nje kilikuwa kimepita mikononi mwa umati; kwa ndani kilibaki na jina la mtu mmoja anayesemeshwa, mama mwenye mtoto mapajani, na hilo ndilo lililowafanya wasomaji wasioijua Nigeria kabisa wahisi kwamba wao pia wamesemeshwa.

Naye Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru aliyeshinda Tuzo ya Caine mwaka 2002, andiko lake linalonukuliwa kuliko yote lilianza kama barua pepe ya hasira. Alikuwa ameudhiwa na namna jarida la Uingereza la Granta lilivyoiandika Afrika, akamwandikia mhariri malalamiko marefu. Mwaka 2005 jarida lilelile likayachapisha yakiwa yamepunguzwa na kunyooshwa: How to Write About Africa. Ukali wa andiko lile unatokana na pale lilipoanzia. Lina mtu linayemsema machoni. Kama Binyavanga angeanza kwa kutafuta maneno ya kuufurahisha umati, pengine angepata makofi ya siku moja.

Na kabla yao wote kuna Shaaban Robert. Kwa zaidi ya miaka 25, kuanzia 1931 hadi 1958, karani huyo wa serikali ya kikoloni alikuwa akimwandikia barua mdogo wake Yusuf Ulenge. Mwaka 2002 zilitolewa Dar es Salaam kama kitabu, chini ya uhariri wa M. M. Mulokozi. Hazikuandikwa kwa ajili ya umma, lakini umma umezipokea, na ndani yake mshairi anayetukuzwa shuleni anaonekana akiwa kaka, akiwa baba, akiwa mtu wa mizigo ya kawaida ya maisha. Karatasi zilizotumwa kwa msomaji mmoja zimewatosha maelfu. Je, ni machapisho mangapi yaliyotumwa kwa maelfu yatamtosha msomaji mmoja miaka 70 baadaye?

Swali hilo linaonekana kubwa mno kwa mtu anayetaka tu kugeuza kurasa zake za Instagram kuwa jarida la kila Ijumaa. Lakini linamhusu. Chukulia mama wa Tanga anayeweka mapishi yake mtandaoni. Siku moja anaweka picha ya mkate wa kumimina, umeiva rangi ya dhahabu, na chini yake mistari mitatu: loweka mchele usiku kucha, saga na tui, hamira, iliki na sukari, acha uumuke, oka. Watu 800 wanaipenda. Wiki hiyohiyo ameweka picha ya sahani ya biriani, nayo imependwa na watu 3,000. Ushauri wa kawaida utamwambia aanze jarida lake na biriani, kwa kuwa takwimu zimesema.

Takwimu zimesema kwamba picha ya biriani ni nzuri. Lakini chini ya mkate wa kumimina kuna maoni 40, na 15 kati yake ni swali moja katika sura mbalimbali: shoga, wangu haukuumuka, nimekosea wapi? Kupenda picha huchukua nusu sekunde, kidole kikiwa njiani kuelekea picha nyingine. Kuuliza kunahitaji mtu awe ameloweka mchele, amesaga, amesubiri, na amefunua sufuria na moyo ukamshuka. Anayeuliza ameshaingia jikoni. Barua ya kwanza iandikwe kwake, na ianzie pale alipokwama: tui likimiminwa likiwa la moto hamira hufa, na hamira iliyokaa miezi kabatini ikiwa wazi huenda imekufa kabla haijaguswa. Baada ya hapo msomaji atataka kujua namna ya kuijaribu hamira katika kikombe cha maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo, na kabla hajajua, mistari mitatu imekuwa kurasa mbili ambazo hakuna aliyeona zinarefuka.

Kazi ya kugeuza chapisho kuwa barua iko hapo kwa sehemu kubwa. Kunakili na kubandika ni dakika tano. Kusoma upya maoni yote, kutafuta swali lililorudiwa, kuandika sentensi ambazo chapisho liliziruka kwa kutegemea picha, kuondoa alama za reli na vikaragosi vilivyokuwa vikifanya kazi ya sauti: hiyo ni jioni nzima, na wakati mwingine mbili.

Jioni hizo zina malipo yake, kwa sababu ukuta si wa mwandishi. Machi 2019 kampuni ya MySpace ilikiri kwamba nyimbo na picha zilizopakiwa humo kabla ya 2016 zilikuwa zimepotea katika zoezi la kuhamisha data, na wanamuziki ambao hawakuwa na nakala nyingine walipoteza kazi zao za ujana. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Nchini Uganda serikali iliifunga Facebook Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na uchaguzi ulipopita haikuifungua. Tanzania ikauzima mtandao wa X Mei 2025. Mwandishi aliyekuwa amekusanya wasomaji huko kwa miaka kumi aliamka asubuhi akiwa hana namna ya kuwafikia wasiotumia VPN, hata kuwaambia amehamia wapi.

Mlango ukiwa wazi, bado kuna mlinzi asiyeonekana. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itayapa kipaumbele machapisho ya ndugu na marafiki kuliko yale ya kurasa za umma, na kurasa nyingi zikaona wasomaji wake wakipungua ingawa idadi ya wafuasi ilibaki palepale. Algoriti, yaani kanuni zinazoiongoza mashine kuchagua nani aone nini, hubadilishwa na wenye mtandao bila mwandishi kuulizwa. Orodha ya anwani za barua pepe ni kitu kingine. Ni faili dogo ambalo mtu anaweza kulipakua na kuondoka nalo. Twitter ilipoinunua Revue, huduma ya kutuma majarida, mwaka 2021, kisha ikaifunga Januari 2023, waliokuwa wameikabidhi kazi yao waliweza kuchukua orodha za wasomaji wao na kwenda kuendelea kwingine. Hakuna ukurasa wa Facebook unaohama kwa namna hiyo.

Isisemwe kwamba barua pepe haina walinzi. Tangu 2013 Gmail imekuwa ikizigawa barua katika mafungu, na majarida mengi huangukia fungu la matangazo ambalo watu hulitembelea mara chache. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinawataka wanaotuma barua kwa wingi wathibitishe utambulisho wao kiufundi na waweke njia ya kujitoa kwa mbofyo mmoja. Masharti hayo ni ya haki, maana ugonjwa wa barua taka ni wa zamani: Mei 1978 mfanyabiashara Gary Thuerk alituma tangazo la kompyuta kwa watu karibu 400 wa mtandao wa ARPANET kwa mpigo, na hasira za waliopokea zinakumbukwa hadi leo.

Katika Afrika Mashariki kuna ugumu wa aina yake, na anayeandika kwa Kiswahili asijidanganye juu yake. Watu wengi wana anwani ya Gmail kwa sababu simu iliidai siku ya kwanza ilipowashwa. Nenosiri lake limesahaulika zamani. Maisha yako WhatsApp. Kampuni za simu huuza vifurushi vya mitandao ya kijamii kwa bei ya chini, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na bando la kuangalia picha siku nzima lakini asiwe na la kufungua barua. Na barua pepe yenyewe imezoeleka kuwa ya mambo ya ofisini: maombi ya kazi, ankara, taarifa za benki. Kwa hiyo mwandishi atakuwa na wasomaji wachache, tena wachache sana mwanzoni. Mwaka 2006 Maria Popova, mwandishi mwenye asili ya Bulgaria aliyekuwa akiishi Marekani, alianza kutuma barua pepe ya Ijumaa kwa wenzake saba kazini. Barua hiyo ndiyo mbegu ya The Marginalian, ambayo leo imo katika hifadhi ya kidijitali ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Saba ni idadi ya watu wanaoenea kwenye mkeka mmoja.

Uchache huo una vishawishi vyake. Mwandishi anaona ana watu 2,000 katika makundi ya WhatsApp na anwani kadhaa alizoandikiwa katika daftari la wageni harusini, akajiambia ataziingiza zote. Asifanye hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zimeweka masharti juu ya kukusanya na kutumia taarifa za watu, na ridhaa ya mwenye taarifa imepewa uzito mkubwa ndani yake. Hata kama sheria hizo zisingekuwapo, barua isiyoombwa humfikia mtu kama mgeni aliyeingia bila hodi. Vivyo hivyo kwa maoni ya wasomaji. Yule aliyeandika chini ya chapisho kwamba mkate wake haukuumuka alijua yuko barazani, mbele ya watu anaowaona. Kulichukua jina lake na maneno yake na kuyapeleka kwenye vikasha vya watu asiowajua ni kumhamisha bila kumuuliza. Aulizwe. Mara nyingi atakubali kwa furaha, na siku jarida litakapotoka atakuwa wa kwanza kulisoma.

Richardson hajaondoka Facebook. Anaendelea kuziweka barua zake huko, na zote husomwa bila malipo kwa barua pepe pia. Wanaolipa hupata nafasi ya kutoa maoni. Chini ya barua huorodhesha alikotoa habari zake, ili anayetaka kuhakiki asihangaike. Huandika usiku, mara nyingi usiku wa manane. Na kuna usiku ambao amechoka, au habari za siku hazidai neno lake. Kampuni yoyote ya masoko ingemshauri siku hiyo arushe chapisho la zamani ili asipoteze kasi.

Yeye hutuma picha. Mara nyingi ni bahari ya Maine, maji yakiwa na rangi ya jua linalochomoza au linalozama, na mara kadhaa aliyeipiga ni mumewe, mvuvi wa kambakoche. Juu kuna tarehe kama kawaida, na chini mistari michache ya kuwaambia wasomaji kwamba leo anakwenda kulala mapema na kesho wataonana.